Mkunga wa Halmashauri: Uzazi wa Nyumbani Uingereza, 1936 hadi 1974

Mwaka 1946, karibu nusu ya watoto wa Uingereza walizaliwa nyumbani. Aliyewapokea kwa kawaida hakuwa daktari bali mkunga mwenye cheti, mwajiriwa wa halmashauri ya mji au ya kaunti, aliyefika kwa baiskeli na mkoba wake, na ambaye mama alimfahamu tangu mimba ikiwa changa. Huduma hiyo ilidumu chini ya halmashauri kwa karibu miaka 40, kuanzia sheria ya mwaka 1936 hadi mageuzi ya mwaka 1974. Ilianzishwa kwa sababu ya vifo vya wanawake katika uzazi, na ilipoondolewa mikononi mwa halmashauri vifo hivyo vilikuwa vimepungua kuliko wakati wowote uliotangulia.

Kabla ya karne ya 20, yeyote aliyetaka kuzalisha alizalisha. Kila mtaa wa maskini ulikuwa na mama mmoja wa makamo, mara nyingi mjane, aliyeitwa uchungu ulipoanza. Hakuwa na cheti, ila alikuwa na uzoefu, na bei yake iliwezekana. Akishampokea mtoto alibaki kufua, kupika na kuwaangalia wale wakubwa. Huyohuyo ndiye aliyeitwa pia kuosha maiti. Wakati ambapo watu wa kawaida hawakujua lolote kuhusu vijidudu, mikono iliyotoka kwenye msiba iliweza kuingia kwenye uzazi siku hiyohiyo. Madaktari walimdharau mama huyu, na mwandishi Charles Dickens alikuwa amekwisha kumchora kama mlevi katika miaka ya 1840. Picha hiyo iliwaonea wengi. Wanawake wa mtaani walimpenda kwa sababu hakuwasimanga kwa umaskini wao.

Sheria ya Wakunga ya mwaka 1902, iliyohusu England na Wales, ilianza kumsukuma nje. Iliunda Bodi Kuu ya Wakunga iliyotoa vyeti, kutunga kanuni na kufuta majina ya waliokiuka. Kuanzia mwaka 1905, asiye na cheti hakuruhusiwa kujiita mkunga. Kuanzia mwaka 1910, hakuruhusiwa kuifanya kazi hiyo mara kwa mara kwa malipo, isipokuwa chini ya maelekezo ya daktari. Maneno hayo ya mwisho yaliacha mwanya mkubwa. Mama wa mtaa aliendelea na kazi yake, na daktari aliyekubali kuweka jina lake alitokea mtoto akiwa amekwisha zaliwa. Waliokuwa kazini kabla ya sheria, wenye sifa njema, waliandikishwa bila kufanya mtihani, hivyo kwa miaka mingi orodha ya wakunga ilichanganya wasomi na wazee wasiojua kuandika. Scotland ilipata sheria yake mwaka 1915.

Ugumu mkubwa zaidi ulikuwa wa fedha. Mkunga mwenye cheti alijitegemea. Alilipwa kwa kila uzazi, mara nyingi kwa mafungu, na baba akipoteza kazi malipo yalikatika. Ili aishi ilimbidi achukue wazazi wengi kuliko alioweza kuwahudumia vizuri. Sheria ya mwaka 1918 iliondoa kikwazo kimoja: mkunga akimwita daktari kwa dharura, halmashauri ilimlipa daktari huyo, kisha ikadai fedha hizo kwa familia pale ilipowezekana. Kabla ya hapo madaktari wengine walisita kuja kwa kuhofia kutolipwa, na mkunga alisita kuwaita.

Katika miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930, nchi ilishangazwa na takwimu zake yenyewe. Vifo vya watoto wachanga vilikuwa vinashuka, kifua kikuu kilikuwa kinashuka, lakini vifo vya wanawake katika uzazi vilibaki palepale: kati ya 4 na 5 kwa kila uzazi 1,000. Muuaji mkuu alikuwa homa ya uzazi, yaani maambukizi yanayoingia mwilini kupitia jeraha la kizazi, akifuatiwa na kifafa cha mimba na kutokwa na damu. Jambo lililowaumiza wataalamu vichwa ni kwamba wake za matajiri hawakuwa salama kuliko wake za vibarua. Takwimu za mwanzoni mwa miaka ya 1930 zilionyesha hata walikufa zaidi kidogo. Matajiri walizalishwa na madaktari, na madaktari wenye haraka walitumia koleo za kuvutia mtoto pale ambapo subira ingetosha. Mkunga hakuruhusiwa kutumia koleo. Marufuku hiyo iliyowekwa kulinda mipaka ya madaktari iligeuka, bila mtu kukusudia, kuwa kinga ya mama maskini.

Mfano uliozungumzwa sana ulikuwa wa Rochdale, mji wa viwanda vya pamba kaskazini mwa England. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, mji huo ulikuwa miongoni mwa mibaya zaidi nchini kwa vifo vya uzazi, takriban mara mbili ya wastani wa taifa. Mganga mkuu mpya wa mji, Andrew Topping, hakuwa na dawa mpya wala hospitali mpya. Alifanya mikutano ya hadhara, akawaeleza wanawake umuhimu wa kupimwa mapema, akawakalisha wakunga na madaktari pamoja, akasisitiza kwamba uzazi usioharakishwa ndio salama, na akahakikisha mgonjwa mzito anaonwa na bingwa bila kuchelewa. Katika muda wa miaka michache vifo vilishuka hadi chini ya wastani wa taifa. Wapo waliosema baadaye kwamba mji mdogo huwa na vifo vichache mno kuweza kuthibitisha jambo kwa hesabu, na hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo Rochdale iliwapa wanasiasa kitu cha kushika: kwamba huduma ikipangwa, vifo vinapungua.

Kutokana na hali hiyo ikaja Sheria ya Wakunga ya mwaka 1936. Iliziagiza halmashauri zote za England na Wales kuwa na wakunga wa kutosha, wenye mshahara, wa kuwahudumia wanawake wanaojifungulia nyumbani. Halmashauri iliweza kuwaajiri yenyewe au kupitia vyama vya hisani vilivyokuwa vikiendesha uuguzi wa mitaani. Mkunga alipata mshahara wa uhakika, likizo, pensheni na mwenzake wa kumshikia zamu. Wazee waliokubali kurudisha vyeti walilipwa fidia, na mwanya wa mama wa mtaa ukazibwa. Familia ziliendelea kuchangia kadiri ya uwezo wao, ila mapato ya mkunga hayakutegemea tena mfuko wa baba. Bila shaka hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote katika habari hii, ingawa husahaulika kwa kuwa haikuwa na mashine wala dawa ndani yake.

Kazi yenyewe ilianzia kliniki. Ratiba iliyopendekezwa na Wizara ya Afya mwaka 1929 ilimtaka mama aonwe mara ya kwanza kwenye wiki ya 16, kisha ya 24, ya 28, halafu kila baada ya wiki mbili hadi ya 36, na kila wiki hadi kujifungua. Ratiba hiyo ilifuatwa kwa miongo mingi na kuigwa katika nchi nyingi, zikiwamo zilizotawaliwa na Uingereza. Mkunga alipapasa tumbo kujua mtoto amelalaje, akasikiliza moyo wake kwa kijitarumbeta kilichobuniwa na Adolphe Pinard wa Paris, akapima shinikizo la damu na kuchemsha mkojo kuona kama unaganda, dalili ya kifafa cha mimba kinachonyemelea. Kisha alimtembelea nyumbani, na ziara hiyo ilikuwa na maana kuliko vipimo vingi. Alitaka kuona kama maji ya moto yanapatikana, kama kitanda kinafikika pande zote mbili, kama bafu ni la familia moja au la jengo zima, na nani atawapikia watoto. Nyumba ikiwa na watu wengi mno au unyevu ukutani, aliandika mama apewe kitanda hospitali kwa sababu za kijamii hata kama mimba yake ilikuwa nzuri.

Uchungu ulipoanza, mume alikimbilia simu ya barabarani, au alienda mwenyewe kugonga mlango wa mkunga. Mkunga akiwa ametoka, aliacha ujumbe wa mahali alipo ili aweze kufuatwa. Mkoba wake ulikuwa na mabeseni ya bati lililopakwa rangi ngumu, mkasi, nyuzi za kufungia kitovu, sindano, dawa ya kuua vijidudu, mizani ndogo ya kuning'iniza na kijitarumbeta chake. Vingine vilitoka ndani ya nyumba. Magazeti ya zamani yalikusanywa kwa wiki kadhaa na kutandikwa juu ya godoro chini ya shuka, kwa kuwa yalikuwa safi kiasi, yalifyonza, na yalitupwa motoni baadaye pamoja na kondo la nyuma. Maji yalichemshwa kwenye jiko la makaa. Mama alipewa mafuta ya mnyonyo anywe, akaogeshwa na kusafishwa tumbo, utaratibu ambao leo umeachwa na ambao hakuna mwanamke aliyeukumbuka kwa furaha. Wanawake wengi wa Uingereza wa enzi hizo walijifungua wakilala ubavu wa kushoto.

Kisha ilikuwa kusubiri. Mkunga wa nyumbani aliweza kukaa usiku kucha, akinywa chai jikoni na mama mkwe, akipanda kusikiliza moyo wa mtoto na kushuka. Ujuzi wake mkubwa ulikuwa wa kujua lini asifanye kitu. Baada ya kuzaa, kanuni ilimtaka aendelee kumtazama mama kwa wiki mbili, mwanzoni asubuhi na jioni: joto la mwili, mapigo ya moyo, kizazi kinavyorudi, kitovu cha mtoto, maziwa. Joto likipanda, kanuni ilimlazimu kumwita daktari, na yeye mwenyewe kutomgusa mzazi mwingine mpaka ajisafishe ipasavyo. Mama alilazwa kitandani siku nyingi, jambo ambalo madaktari walikuja kulikataa kwa sababu damu hutuama na kuganda miguuni. Lakini kwa mama wa watoto sita ilikuwa likizo ya pekee maishani, na halmashauri nyingi zilipeleka msaidizi wa kazi za nyumbani ili likizo hiyo iwezekane.

Maumivu yalikuwa na siasa zake. Mwaka 1933 daktari Robert Minnitt wa Liverpool alitengeneza mashine iliyomwezesha mama kuvuta mwenyewe gesi ya usingizi iliyochanganywa na hewa, kiasi cha kupunguza uchungu bila kulala. Bodi Kuu iliwaruhusu wakunga kuitumia mwaka 1936, kwa masharti: mkunga awe amefundishwa, daktari awe amempima mama, na awepo mtu mwingine wa kusaidia. Masharti hayo yalieleweka, lakini wapi mtaa wa maskini ungempata mtu wa pili usiku wa manane? Na mashine ilikuwa nzito kupakia kwenye baiskeli. Uchunguzi mkubwa uliohoji akina mama 13,687 waliojifungua katika wiki moja ya Machi 1946 ulionyesha kwamba wengi waliozalia nyumbani hawakupata chochote cha kutuliza maumivu, huku hospitalini wakipata wengi zaidi. Mwaka 1949 mbunge Peter Thorneycroft alipeleka bungeni muswada wa kuhakikisha kila mama anapata huduma hiyo, lakini ulikwama. Hata hivyo kelele zilisaidia. Sindano ya pethidini iliruhusiwa kwa wakunga mwaka 1950, na mashine zikasambaa. Baadaye iligundulika kwamba mchanganyiko wa Minnitt ulimwachia mama oksijeni kidogo mno. Nafasi yake ikachukuliwa katika miaka ya 1960 na mtungi wenye gesi na oksijeni nusu kwa nusu, unaotumika hadi sasa.

Hatari kubwa ya nyumbani ilikuwa damu. Mama aliyevuja baada ya kuzaa aliweza kufa kabla gari halijafika hospitali, na kumsogeza tu kulimmaliza. Ndipo lilipokuja wazo la kuipeleka hospitali kwa mama. Kuanzia miaka ya 1930, kwanza huko Bellshill, Scotland, kisha Newcastle na miji mingine, hospitali ziliunda vikosi vya dharura: daktari bingwa, mtoa dawa ya usingizi na muuguzi, ndani ya gari la wagonjwa, wakiwa na chupa za damu. Mkunga alimtuma mtu apige simu, na kikosi kilimwekea mama damu juu ya kitanda chake mwenyewe, wakati mwingine kwa mwanga wa taa ya mkononi. Dawa ya ergometrini, iliyotambuliwa mwaka 1935 na watafiti wa London akiwamo John Chassar Moir, ilimpa mkunga sindano ya kukaza kizazi akisubiri kikosi.

Mwaka huohuo wa 1935 kulitangazwa Ujerumani dawa ya Prontosil, iliyogunduliwa na Gerhard Domagk. Leonard Colebrook aliijaribu kwa wanawake wenye homa ya uzazi katika Hospitali ya Queen Charlotte's, London, na matokeo yake ya mwaka 1936 yalikuwa ya ajabu: waliotarajiwa kufa wengi walipona. Baada ya hapo vifo vya uzazi nchini vilianguka mwaka hadi mwaka, na kufikia mwaka 1950 vilikuwa chini ya 1 kwa kila uzazi 1,000. Je, sifa ni ya dawa au ya wakunga? Wanahistoria wengi huipa dawa fungu kubwa, hasa kwa miaka ya kwanza, kisha penisilini na benki za damu. Ni sahihi. Ila dawa iliyo hospitalini haimtibu mama aliye nyumbani mpaka awepo mtu wa kupima joto lake siku ya tatu, kujua maana yake na kuwa na mamlaka ya kumwita daktari siku hiyohiyo. Mtu huyo aliajiriwa kwa sheria ya mwaka 1936.

Vita vilipoanza mwaka 1939, wajawazito walihamishwa kutoka miji mikubwa kwenda vijijini, ambako majumba ya matajiri yaligeuzwa nyumba za uzazi. Waliobaki walizalishwa gizani wakati wa amri ya kuzima taa, na wengine chini ya mabomu. Jambo la kushangaza ni kwamba afya ya wajawazito haikuharibika. Serikali iligawa chakula kwa kadi, na mjamzito alipata kadi ya pekee iliyompa maziwa ya bei ndogo au ya bure, juisi ya machungwa na mafuta ya ini la samaki. Wanawake wengi wa tabaka la chini walikula vizuri zaidi wakati wa vita kuliko wakati wa amani uliotangulia.

Wanajeshi waliporudi, watoto walifuata. Mwaka 1947 walizaliwa zaidi ya 880,000 katika England na Wales, katika kipindi kilichoanza na majira ya baridi makali, theluji ikifunga barabara na makaa yakiadimika. Wakunga walitembea kwa miguu kufika vijijini. Huko mashambani mkunga mara nyingi alikuwa mtu mmoja mwenye kazi tatu: muuguzi wa wagonjwa, mkunga, na mtembeleaji wa watoto wachanga. Mjini aliweza kubaki na ukunga tu. Mashariki mwa London, eneo la Poplar, huduma iliendeshwa na masista wa Kianglikana wa Mtakatifu Yohana. Jennifer Worth, aliyefanya kazi nao katika miaka ya 1950, aliandika kumbukumbu zake mwaka 2002, na tamthilia ya BBC iliyotokana nazo imeonyeshwa tangu mwaka 2012. Wauguzi kutoka Karibiani, na baadaye Afrika, walifundishwa na kufanya kazi hiyohiyo, na wengi wakaenda nayo kwao.

Huduma ya Taifa ya Afya ilianza tarehe 5 Julai 1948, na mama hakulipa tena chochote. Lakini mpangilio wake uligawa uzazi vipande vitatu. Hospitali zilikuwa na bodi zao, madaktari wa familia mikataba yao, na wakunga wa nyumbani walibaki chini ya halmashauri. Daktari wa familia sasa alilipwa kwa kumhudumia mjamzito, hivyo wengi waliwachukua wajawazito wa kupimwa, ingawa aliyekuja kuzalisha usiku alibaki mkunga. Mama mmoja aliweza kuwa na kadi tatu katika ofisi tatu zisizosemezana. Lawama ya mgawanyiko huo ni ya waliopanga muundo, si ya wahudumu.

Kuanzia hapo mwelekeo ulikuwa mmoja. Kamati ya Cranbrook ya mwaka 1959 ilipendekeza asilimia 70 ya uzazi ufanyike hospitali, wakati ambapo zaidi ya theluthi moja bado ulikuwa nyumbani. Vitanda havikutosha, hivyo hospitali zilianza kuwarudisha mama mapema. Bradford ilijulikana kwa kuwatoa siku ya pili, na mkunga wa mtaa akawa mtu wa kuwaangalia waliozalishwa na wengine. Mwaka 1970 kamati ya Peel ilisema vitanda vipatikane kwa uzazi wote, asilimia 100. Hoja ilikuwa usalama, ingawa kamati haikuleta uthibitisho kwamba mama mwenye mimba isiyo na tatizo alikuwa hatarini zaidi nyumbani chini ya mkunga aliyefundishwa. Wanawake wengi nao walitaka hospitali, kwa sababu ya dawa za maumivu na kwa sababu nyumba zao zilikuwa finyu. Si haki kusema walisukumwa wote. Tarehe 1 Aprili 1974 wakunga wa halmashauri walihamishiwa mamlaka za afya, na kufikia mwaka 1980 uzazi wa nyumbani ulikuwa takriban asilimia 1.

Uthibitisho uliokosekana mwaka 1970 ulikuja mwaka 2011, katika utafiti mkubwa wa mahali pa kujifungulia nchini England. Ulionyesha kwamba kwa mama aliyekwisha zaa na asiye na tatizo, nyumbani hapakumwongezea mtoto hatari. Kwa mimba ya kwanza hatari iliongezeka kidogo. Mkunga wa mwaka 1950 angekubaliana na matokeo hayo bila kuyasoma, kwani utaratibu wa wakati wake tayari uliwapendekezea hospitali wenye mimba ya kwanza na wenye watoto wengi. Katika England na Wales ya leo, uzazi wa nyumbani ni takriban asilimia 2.